Pumzi Yako kwa Kiingereza cha Anko Wycliffe

Nekesa mwanangu,

Umeenda kusukwa, na ninavyomjua yule msusi wako, hatakuachilia kabla jua halijashuka. Baba yako amesinzia kwenye kochi na redio inaongea peke yake. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, mlango nimeurudisha, na kwa mara ya kwanza wiki hii hakuna mtu ananiuliza blanketi ziko wapi. Kesho unaondoka kwenda ng'ambo. Haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema uwanja wa ndege, katikati ya shangazi zako wanaolia kwa zamu.

Habari ya sweta, majani ya chai na mahali pa kuficha pasipoti, baba yako amekuambia mpaka mimi nimechoka kwa niaba yako. Hayo nayaacha. Nataka tuzungumze juu ya Jumapili.

Jumapili, nyumba ikiwa imejaa watu waliokuja kukuaga, Anko Wycliffe alisimama. Akafunga kifungo cha koti. Akagonga glasi ya soda kwa uma, kama alivyoona watu wakifanya sijui wapi. Nikajua tumevamiwa. Mbele yake walikuwa majirani wa mtaa wetu wa Section 58, mchungaji, na akina mama wa kanisa ambao wote wangemwelewa kwa Kiswahili, na nusu yao wangemwelewa vizuri zaidi kwa Kibukusu. Yeye akachagua lugha ambayo hakuna mtu aliyeiomba. Akasema, "This girl, when she was very small, I nearly saved her life."

Na wewe, sahani ya kuku mkononi, ukasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye geti, "Anko, 'nearly' maana yake hukuniokoa! Labda unataka kusema 'practically', yaani ni kama uliniokoa." Vijana wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda kwenye kapeti langu. Mimi nilicheka kuliko wote. Baadaye ukanikuta jikoni ukaniuliza, "Mum, mbona ulicheka hivyo? Nilikuogopa." Nikakuambia suuza sahani.

Jibu lako ni hili. Nilicheka kwa sababu anko wako alikuwa amesema kweli, labda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alitaka kujisifu, akachukua neno lisilo lake, na neno likamshtaki. Alikaribia kukuokoa. Anayekaribia kuokoa hajaokoa. Hii hadithi unaijua nusu tu, ile nusu aliyoitangaza yeye: kwamba ulikuwa mgonjwa na yeye akapiga simu. Nusu nyingine baba yako aliniomba nisiiseme, ili nisimwaibishe ndugu yake. Nimemheshimu baba yako miaka hii yote. Leo nimestaafu kazi hiyo.

Ulikuwa unaanza kutembea. Tulikuwa tunaishi Ndabibi, kwenye nyumba ya shule, mimi nikifundisha watoto wa darasa la tatu bila cheti cha ualimu, na cheti changu cha Form Four ndicho kilikuwa utajiri wangu. Baba yako alikuwa Kamere, kwenye shamba la maua, kikosi cha kupuliza dawa. Alikuwa analala hukohuko na kuja nyumbani wikendi. Anko Wycliffe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nairobi, ambako alikuwa karani katika ofisi fulani. Namna alivyokuwa anaitaja ofisi hiyo ungedhani anaimiliki. Alikuja na vitu viwili: simu ya mkononi, ya kwanza kuonekana kwenye mtaa wetu, na Kiingereza chake.

Wacha nikueleze hicho Kiingereza, kwa sababu wewe umekikuta kimezeeka. Wakati ule kilikuwa na mashavu. Hakuwa anaomba chumvi, alikuwa ana-"request". Hakuwa anaenda choo, alikuwa ana-"excuse himself". Mimi alikuwa ananiita shemeji kwa Kiswahili, halafu kila kitu kinachofuata ni kwa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili ni mlango wa kuingilia tu na wageni wa maana hukaa ndani. Na nikikosea neno moja, alikuwa anafumba macho kidogo, kama mtu aliyeumwa na jino.

Alipenda kusimulia jinsi alivyojifunza. Alipokuwa shuleni aliandika kwenye insha, "I have worked hardly this term." Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, darasa likaanguka kwa kicheko, halafu akamwita mbele na kumchapa. Hakumwambia kwa nini. Alisema tu, "Never again." Wycliffe alikuwa anaisimulia hadithi hiyo kama baraka. "Tangu siku hiyo," alikuwa anasema, "sijawahi kutumia 'hardly'. Ni 'hard'. Always 'hard'." Nilikuwa namsikiliza nikimenya viazi. Niliwaza kwamba mwalimu huyo alikuwa mpumbavu wa kulipwa mshahara, kwa sababu lile neno lipo na lina kazi yake. "He worked hard" ni mtu aliyetoka jasho. "He hardly worked" ni mtu aliyekaa chini ya kivuli. Inachukua muda gani kumwambia mtoto hivyo? Muda wa kuchukua fimbo ni mrefu zaidi.

Basi ukashikwa na kikohozi. Nikakupa dawa ya dukani, nikakupaka mafuta kifuani, kama kila mtu. Mchana mmoja nikatoka darasani nikakukuta mikononi mwa msichana wa jirani aliyekuwa anakuangalia, na ulikuwa umenyamaza. Kikohozi kilikuwa kimekwisha. Yeye alifurahi: "Mwalimu, amepona, ametulia." Nikaweka mkono kwenye kifua chako. Kiliinuka kidogo sana, kikasimama, halafu baada ya muda kikakumbuka kuinuka tena. Midomo yako ilikuwa na rangi ambayo midomo haina.

Nikamkimbilia Wycliffe. Alikuwa amekaa nje anasoma gazeti la wiki iliyopita. Nikamwambia apige simu hospitali, aulize kama wana oksijeni na watume gari. Namba ilikuwa imebandikwa kwenye ofisi ya shule, naye alikuwa ameshainakili, kwa sababu alipenda kuwa na namba. Hilo nampa. Alisimama haraka. Netiweki ilikuwa inapatikana mahali pamoja tu, kwenye kilima kidogo karibu na zizi la Mama Chebet. Akapanda, nami nikasimama chini yake, wewe begani.

"Mwambie anapumua kwa shida!" nikamwambia. "Pumzi karibu hakuna!"

Akanyoosha mgongo. Akakohoa. "Hello? Good afternoon. I am calling in regard to a child. The child is breathing hard."

Nekesa, wewe ni muuguzi, unajua kazi yako, lakini nitakueleza kama nilivyoelewa mimi siku ile, na sikuwa muuguzi. Mtu aliyepanda mlima Menengai na gunia la makaa "is breathing hard". Ana pumzi nyingi, ya nguvu, unaisikia ukiwa mbali. Mtoto mwenye homa anayehema haraka, huyo pia. Yule niliyekuwa nimembeba alikuwa "hardly breathing". Maneno mawili yaliyotoka tumbo moja, na kati yao kuna kaburi.

"Sema 'hardly'!" nikapiga kelele. "Wycliffe! 'Hardly breathing!'"

Akaziba simu kwa kiganja. Uso wake ulikuwa na ile huruma ya kudharau. "Shemeji, please. 'Hardly' hakuna. Hiyo ni makosa ya watoto wa primary."

"Ipo! Mwambie!"

"Mimi nilichapwa kwa hiyo neno," akasema. "Wewe ulichapwa?"

Akarudi kwenye simu. "Sorry, sir. There is some noise." Hiyo noise nilikuwa mimi, mama yako. "Yes. Breathing hard. Very hard. Yes, sir. Certainly. Certainly. Thank you, sir." Akashuka kilimani akitabasamu. Alitabasamu, mwanangu. "Amesema tumpe maji mengi, tumpeleke kesho. Amesema, 'Surely it can wait until morning.' Huyo kijana anaongea vizuri sana."

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Watu hudhani "surely" na "certainly" ni mapacha. "Certainly" husemwa na mtu anayejua, au anayejifanya kujua. "Surely" husemwa na mtu asiyejua na asiyetaka kuinuka kwenye kiti. Anakuomba wewe ukubali, ili akikosea muwe mmekosea wawili. Kijana yule alisema "surely" akiomba aachwe anywe chai yake. Na shemeji yangu akamjibu "certainly". Mmoja hakuwa na hakika, mwingine akamzawadia hakika ambayo naye hakuwa nayo, wakakata simu, wote wawili wameridhika na sarufi.

Sikubishana tena. Mama Chebet alikuwa anapakia madumu ya maziwa kwenye pikapu yake, hatua chache kutoka hapo, na alikuwa amesikia yote. Alikuwa mwanamke mkali, asiyependwa na watu wengi, na hata mimi na yeye tulikuwa tumegombana kwa sababu ya ng'ombe wake kula mahindi ya shule. Akauliza, "Anapumua?"

"Kidogo."

"Ingia."

Akashusha madumu chini, mengine yakaanguka na maziwa yakatiririka kwenye vumbi. Nikaingia. Nikamwita Wycliffe aje na simu, tuwe nayo njiani. Alikuwa amevaa ndala. Akatazama miguu yake, akatazama pikapu ya maziwa, akasema, "You go. I will come lately."

Alitaka kusema atakuja baadaye. Lakini "lately" haina safari ndani yake, inatazama nyuma tu, kwenye siku zilizokwishapita. Anayekuja "late" amechelewa lakini atafika. Anayekuja "lately" hayuko popote. Na kweli hakufika.

Barabara ile unaijua sasa ikiwa na lami sehemu nyingi. Wakati ule ilikuwa mashimo na vumbi. Mama Chebet aliendesha bila kusema neno. Mimi nilikuwa nakufinya. Kila kifua chako kilipokawia kuinuka nilikufinya mguu, nawe ukavuta pumzi kwa hasira. Siku hizi huwa nakuona ukiwaogesha watoto wa dada yako kwa upole na nakumbuka mikono yangu ilivyokuwa. Ulikuwa na alama za vidole vyangu kwa muda mrefu.

Tulipokaribia Kamere nikaona mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua yaking'aa hadi ziwani. Baba yako alikuwa chini ya mojawapo. Nikamwambia Mama Chebet asimame, nimwite. Akasema, "Akija atafanya nini? Atapumua kwa niaba yake?" Hakupunguza hata mwendo. Nilimchukia. Kama angesimama, tungemtafuta kutoka geti hadi geti, na barua hii nisingekuwa na mtu wa kumwandikia.

Hospitalini, kwenye meza ya mbele, alikuwa yule kijana. Koti jeupe, kalamu mbili mfukoni. Akainua kichwa akasema, "Are you the people of breathing hard?" Halafu akakuona. Nitamtendea haki: alikimbia. Alikunyakua mikononi mwangu akakimbia na wewe, na kiatu chake kimoja kikabaki kwenye korido.

Ndani kulikuwa na muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya chini. Wakati wanakuwekea bomba la oksijeni puani, hakuniuliza kwa Kiingereza na hakuniuliza kwa Kiswahili cha redioni. Aliniuliza, "Mama, hebu niambie. Leo amenyonya? Akivuta hewa, hapa chini ya mbavu panaingia ndani? Analia, ama hata kulia ameacha?" Nikamjibu yote. Alipata kwa maswali matatu yale ambayo wanaume wawili wenye shule walikuwa wameyapoteza kwenye simu. Nimonia, akasema, na akageuka kufanya kazi. Sijui jina lake. Ninapokuona ukipiga pasi sare zako, ni yeye ninayemwona, wala si wale madaktari wa kwenye televisheni unaowapenda.

Jioni ikaingia na midomo yako ikarudi rangi. Yule kijana alikuja kusimama karibu nami, kiatu ameshakipata. Nilidhani anakuja kuomba msamaha. Akasema, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, "Madam, you should have said 'hardly'. 'Hard' and 'hardly' are different."

Nikamtazama. "Wewe ni wa wapi?"

"Gilgil."

"Nyumbani kwenu mnaongea nini?"

"Kikuyu. Na Kiswahili."

"Na hapa tunaongea nini sasa, mimi na wewe?"

Akashika kalamu zake mfukoni.

"Aliyepiga simu ni Mbukusu, anajua Kiswahili. Wewe unajua Kiswahili. Mimi niliyekuwa nyuma napiga kelele, nilikuwa napiga kelele kwa Kiswahili. Sasa niambie, kijana. Mzungu alikuwa nani kwenye hiyo simu?"

Unajua alinijibu nini? Alisema, "Lakini yeye ndiye alianza." Kama watoto waliovunja dirisha. Mtu amesoma miaka yote hiyo, anajua mifupa yote ya mwili kwa majina, na utetezi wake ni kwamba mwenzake ndiye alianza. Sikumtukana. Nilimgeuzia mgongo, nikakutazama wewe.

Asubuhi daktari mkubwa alipita, akakugusa kifua, akawaambia wanafunzi wake, "She barely made it." Hilo ndilo neno la Kiingereza ninalolipenda kuliko yote. Wanaliweka kwenye orodha moja na "hardly" na kuwaambia watoto ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. "Hardly" inaegemea upande wa hapana. "Barely" inaegemea upande wa ndiyo, kwa ukucha tu, lakini imefika. Ulikuwa umelala na mdomo wazi, na nikalirudia neno hilo kimoyomoyo kama jina lako la pili.

Baba yako alikuja mchana akiwa na nguo za kazi, ananuka dawa ya maua. Alisimama mlangoni akakataa kuingia. Alisema hawezi kukugusa na sumu mikononi. Alienda kwenye bomba la nje akanawa, akarudi, akanusa vidole, akaenda kunawa tena. Mwisho yule muuguzi akamtoa kwenye bomba kwa kumshika mkono, akamletea gauni la hospitali. Alipokubeba ndipo alipolia. Nikamweleza kuhusu simu. Akaniambia, "Mama Nekesa, ni ndugu yangu. Amekosea neno tu. Usimwaibishe."

Nikamwambia, "Mimi nilimpa neno. Alilikataa."

"Najua," akasema. "Lakini usimwaibishe."

Basi sikumwaibisha. Na tazama alivyotumia fadhila hiyo. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akashukuru Mungu kwa teknolojia. Kwenye harusi ya dada yako alikuwa mtu wa simu. Kila ulipofaulu mtihani, simu yake ilifaulu na wewe. Mimi nilikuwa nakaa pale na mikono mapajani, namdharau kimyakimya, na dharau ikikaa muda mrefu inakuwa kama fanicha. Unaizunguka bila kuigonga. Sijui mwanamume mwingine niliyemdharau kwa ukamilifu vile. Hata yule wa Gilgil nimemsahau uso.

Sasa nikuambie kilichotokea Jumapili baada ya wewe kulala.

Watu walikuwa wameondoka. Nilitoka nje kumwaga maji machafu, nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na tangi. Alikuwa amevua koti. Sahani yake ya kuku ilikuwa chini, hajaigusa. Nilitaka kupita. Akaniita, "Shemeji." Nikangoja Kiingereza kifuate. Hakikufuata.

"Hiyo 'nearly'," akasema, "maana yake hasa ni nini?"

Tangu nimjue, hajawahi kumuuliza mtu yeyote maana ya neno. Nikamweleza. Nikamwambia "nearly" ni karibu, lakini karibu ambayo haikutimia. Nilikaribia kuanguka, sikuanguka. Nilikaribia kufika, sikufika.

Jirani alikuwa anafunga geti lake, tukasikia mnyororo. Halafu akasema, "Basi sikukosea."

Nilisubiri miaka yote hii kusikia neno hilo, na nilipolisikia sikupata ladha yoyote. Sikumwambia pole. Sikumwambia si neno. Nilichukua ile sahani nikaingia nayo ndani, nikampashia chakula moto, nikamletea, nikaenda kulala. Ndiyo huruma yote niliyokuwa nayo nyumbani siku hiyo, na usinidai zaidi.

Lakini wewe nina jambo nawe. Kiingereza chako ni safi, hakuna anayebisha. Uliufanya ule mtihani wa lugha ya wauguzi ukaupita mara ya kwanza, na tulipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakabweka. Jumapili ulikuwa sahihi. Na yule mwalimu aliyemchapa Wycliffe pia alikuwa sahihi. "I have worked hardly" ni kosa, hakuna anayebisha. Alikuwa sahihi mbele ya watu wengi, watu wakacheka, na mtoto akaenda zake akiwa ameogopa neno moja maisha yake yote. Siku neno hilo lilipohitajika ili wewe uishi, alikuwa bado anaogopa. Nimemdharau Wycliffe, nimemdharau kijana wa Gilgil, lakini dharau yangu ya kwanza na ya mwisho ni kwa mwalimu huyo nisiyemjua, na Jumapili, kwa dakika moja, ukiwa na sahani ya kuku, ulifanana naye. Nami nikacheka kwa kukuunga mkono. Ndiyo maana sikuweza kukujibu jikoni.

Utakaa kwenye meza kama ile, mwanangu. Utavaa nguo kama zile. Na simu italia, na atakayepiga atakuwa mtu wa kutoka mahali fulani, mwenye Kiingereza alichokiokota kiwandani au kwenye filamu, na atasema neno lililo karibu na lile analotaka. Huenda anayekupigia amefunga kifungo cha koti na anajidai. Huenda hata anakukera. Nyuma yake utasikia mwanamke anapiga kelele kwa lugha usiyoijua. Wewe usisikilize sarufi. Muulize kama mtoto amenyonya. Muulize kama analia, au ameacha. Mwambie aiweke simu kwenye kifua cha mtoto, usikilize mwenyewe. Na ukisikia mdomo wako unaanza kusema "surely", ufunge.

Wao wenyewe huko, wenye lugha, watakucheka siku fulani. Utasema kitu kwa namna tuliyoizoea hapa, na mtu mwenye sura ya upole atakurekebisha mbele ya wenzako. Utarudi chumbani kwako na uso wa moto. Uwadharau kidogo, inasaidia, mimi ni shahidi. Kisha kesho yake lichukue neno hilo ulitumie, kwa makosa au bila makosa, kwa sababu neno unaloliogopa ndilo litakalokutafuta.

Nasikia geti. Ni wewe, na unaongea na mtu kwenye simu, unacheka. Nitaikunja hii niiweke chini ya nguo zako za ndani ulizotenga za kesho asubuhi, mahali ambapo baba yako hatatia mkono. Kabla hujaondoka kesho, pita kwa anko wako. Yuko kwa binti yake, si mbali. Usimwombe msamaha, atafanya hotuba. Mwulize tu habari yake kwa Kibukusu, unywe chai, uondoke.

Na ukifika huko, nipigie. Siku ukiwa mzima, nipigie. Siku mambo yakiwa mabaya, nipigie, na useme kwa lugha yoyote itakayokuja mdomoni kwanza, hata ikiwa vipande, hata ikiwa kilio tu. Nitakuuliza mpaka nielewe.

Mama yako